Fundi aliitwa shuleni, wanafunzi wakacheka: nilikosea wapi?

*"Mimi ni mwalimu wa Fizikia na mlezi wa ushauri na unasihi katika shule ya sekondari ya kata. Tuna wanafunzi 140 wa kidato cha tatu. Mwezi uliopita tulimwalika fundi wa kuchomelea, ambaye karakana yake iko jirani na shule, aje kuzungumza nao kuhusu kazi za ufundi. Mkuu wa shule alishauri tuanze na wale wanaoburuza mkia kwenye mitihani kwa kuwa ndio watakaouhitaji zaidi, hivyo tukawakusanya 38 siku ya Ijumaa mchana. Fundi wa watu alijitahidi, lakini walianza kucheka tangu alipoingia na overoli yake yenye mafuta. Jumatatu wazazi wawili wakanipigia simu kuuliza kwa nini shule imeshawakatia tamaa watoto wao. Aliyevutiwa ni mmoja tu, naye hakuwemo hata kwenye orodha: kijana anayeongoza darasa kwa Fizikia. Alimfuata fundi hadi getini akimuuliza maswali, nikamrudisha darasani. Hatuna karakana wala bajeti. Nafikiria likizo ya Juni niwapeleke baadhi yao gereji wakajifunze kwa vitendo. Nifanye nini ili wanafunzi, wasichana nao wakiwemo, wauone ufundi kuwa kazi ya heshima?"*

Mwalimu, pole kwa simu za Jumatatu. Na umfikishie yule fundi pole yangu, maana aliyeingia hasara kubwa ni yeye: aliacha kazi ya mteja akaja kuchekwa.

Kuna jambo umelitaja kwa kupita tu, kana kwamba ni la utaratibu, nami naona ndilo lililoharibu shughuli nzima. Mliwakusanya wanaoburuza mkia. Hebu kaa kwenye nafasi ya mmoja wa wale 38. Ameitwa jina, ameingia chumbani, ametazama kushoto na kulia, na kila aliyekaa pale anamjua na anajua alama zake. Kabla fundi hajafungua mdomo, mtoto ameshaelewa ameitiwa nini. Kicheko kile mimi nakisoma kama ngao. Anayecheka anawaambia wenzake, "Mimi simo humu, nimekosewa tu." Wazazi nao waliisoma orodha ile ile, wakaelewa vile vile. Hamkuwaambia kwamba ufundi ni wa waliofeli, lakini orodha iliwasemea.

Makosa haya si yako peke yako. Nimefundisha kukereza, yaani kuchonga chuma kinachozungushwa na mashine, na kuunga vyuma kwa miaka 22, na mialiko mingi niliyopata kutoka shule za sekondari ilikuwa ya namna hiyo hiyo: "Tuna watoto wetu fulani hivi, kidogo wazito, njoo uwatie moyo." Nikawa nakwenda, natia moyo, narudi nyumbani nikijiuliza kwa nini hawaniangalii usoni. Ilinichukua muda kugundua kwamba aliyenialika alikuwa ameshanijengea ukuta kabla sijafika.

Dawa yake haina gharama. Safari ijayo waite wote 140, mkondo kwa mkondo. Kama nafasi ni ya 30 tu, chagueni kwa kura ya bahati mbele yao. Na mwanafunzi wa kwanza darasani akae mstari wa mbele, hata kama unajua moyo wake uko kwenye udaktari.

Tusiwaonee lakini hawa watoto, kwa sababu dharau hii hawakuibuni wao. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea akitaka shamba na karakana ziwe sehemu ya masomo, mtoto atumie kichwa na mikono kwa pamoja. Wazo zuri. Kwenye shule nyingi likageuka: aliyechelewa namba akapewa fyekeo, aliyeongea Kiswahili darasani akapewa jembe, mtoro akachimba shimo la taka. Mimi mwenyewe nimefyeka sana, na sikumbuki hata siku moja aliyepata mia kwenye hesabu akipewa fyekeo kama zawadi. Kwa hiyo mtoto wako wa kidato cha tatu, huu mwaka wake wa kumi shuleni, amejifunza kwa macho kwamba kazi ya mikono ni mahali pa kulipia makosa. Hotuba ya dakika 40 siku ya Ijumaa haiwezi kushindana na somo la miaka kumi.

Ila haikuwa hivi kila mahali. Ongea na wazee waliosoma shule za ufundi kama Ifunda, Moshi, Tanga au Bwiru, uone wanavyosimulia kwa kujidai siku walizochaguliwa kwenda huko na jinsi walivyobanwa na hesabu na michoro.

Kijana wa miaka 15 au 16 akisikia kuhusu kazi yoyote hujiuliza maswali mawili, hata kama hayatamki: je, mimi nitaiweza? Na je, watu wangu watanionaje? Mshahara huja baadaye. Hotuba hailijibu hata moja kati ya hayo. La pili linajibiwa na nani amekaa naye na nani amesimama mbele. La kwanza linajibiwa pale tu anapoigusa kazi, akaikosea, akaisahihisha, na kipimo kikamwambia sasa imekaa sawa.

Hapo ndipo wewe, Mwalimu wa Fizikia, una mali kuliko unavyodhani. Unasema hamna karakana. Uwanja mnao? Kamba mnayo? Chukua futi kamba, vigingi vinne na uzi wa fundi, toka nao nje. Waambie wapime kona ya nyumba. Wapime mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, kisha waangalie ulalo, yaani umbali kutoka ncha hadi ncha. Ukiwa mita 5 kamili, kona imenyooka, nyuzi 90. Fundi ujenzi anayejua kazi yake hupima hivyo kabla jembe halijagusa ardhi, hata kama jina la Pythagoras hajawahi kulisikia. Sasa waharibie kidogo: sogeza kigingi hadi ulalo usome mita 5 na sentimita 5. Waulize, sentimita 5 ni nini bwana? Wengi watasema si kitu. Basi wakokotoe. Kona imeshafunguka zaidi ya nyuzi 91, na ukuta wa mita 12 ukiufuata mwelekeo huo, ncha yake inatoka nje kwa sentimita 25 hivi. Vigae vitakatwa kwa mshazari, bati halitakaa, na mwenye nyumba hatalipa. Nimefanya zoezi hili na vijana wengi, na wenye vichwa vya hesabu ndio hunyamaza kwanza. Wanagundua kwamba ile kanuni waliyoikariri kwa ajili ya mtihani kuna mtu mtaani kwao anakula kwa hiyo.

Umeme nao hivyo hivyo. Hita ya kuogea ya wati 5,500 kwenye umeme wa volti 230 inavuta karibu ampea 24. Waulize wanafunzi nini kitatokea fundi akiiunganisha kwenye waya mwembamba wa taa, ule wa milimita za mraba 1.5. Unajua mwenyewe kwamba joto kwenye waya huongezeka kwa mraba wa mkondo: mkondo ukiwa mara mbili, joto ni mara nne. Nyumba inaungua usiku, watu wanasema ni hitilafu ya umeme. Hitilafu ilikuwa kichwani mwa aliyetandaza. Ndiyo maana kutandaza umeme kwa malipo kunahitaji leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na leseni hiyo ina madaraja. Kazi ya mtu asiye na akili haiwekewi leseni.

Sasa turudi kwa fundi wako. Mwalike tena, ila usimpe chaki. Mpe dawati. Shule ya kata haikosi madawati yaliyovunjika. Waweke wanafunzi kumi kumi wamzunguke, na kabla hajagusa chochote waambie wakadirie: limevunjika wapi, na kwa nini hapo na si kwingine? Mara nyingi litakuwa limeachia kwenye kiungo cha chini ya kiti, kwa sababu wenyewe hupenda kulibinua nyuma na kuegemea ukuta, na wenzo wa namna hiyo unauvuta ule mshono kila siku. Watacheka, lakini safari hii watakuwa wanajicheka. Kisha wapime, wakate kipande kwa msumeno wa chuma, wakipige tupa, wakiweke kwenye skweya, kile kipimo cha kona. Kuchomelea afanye fundi mwenyewe kwake, arudishe Jumatatu. Mtihani wa mwisho ni kuliweka dawati kwenye sakafu ya saruji: likicheza, limecheza. Hakuna alama za huruma.

Overoli yake yenye mafuta aje nayo hiyo hiyo. Nimewahi kuona shule ikimwomba fundi avae tai. Akaonekana kama mtu aliyekwenda kuomba mkopo.

Baada ya hapo walete wengine, kwa kuwachanganya. Kijana aliyemaliza chuo miaka miwili au mitatu iliyopita, maana wanafunzi wanamuona kama kaka yao, huyo ana nguvu kuliko mzee kama mimi. Mwenye karakana anayelipa watu. Mwanamke fundi, na wapo, ukiuliza chuo cha karibu watakuelekeza. Na ukimpata aliyeanza ufundi akauacha, naye mlete aseme kwa nini. Usiwape mada. Wape wanafunzi ruhusa ya kuuliza wanachotaka kujua kweli: zana zako za kwanza ulizipata vipi, mwezi usipopata kazi unakula nini, umeshawahi kuumia, mteja asipolipa unafanyaje?

Nakusihi usitoke kwenye kosa la kwanza ukaangukia la pili. La kwanza ni "ufundi ni wa waliofeli." La pili ndilo linalovuma siku hizi: "ufundi unalipa, jiajiri, utatajirika." Wazazi wako watalikataa, na watakuwa na haki. Wao wana ushahidi wao: mshonaji aliyeahidi nguo ya Idi akaitoa Idi mosi jioni, fundi ujenzi aliyechukua malipo ya awali akazima simu, mjomba aliyebeba zege miaka 20 sasa hawezi kuinama. Mtu mwenye ushahidi huwezi kumshinda kwa kaulimbiu.

Mpe hesabu. Mwombe fundi wako aiandike ubaoni, kwa bei zake mwenyewe. Mfano wangu ni huu, tarakimu ni za kujifunzia tu. Tuseme geti limekubaliwa kwa shilingi 600,000. Vyuma 380,000. Rangi, elektrodi na diski za grinda 45,000. Umeme 10,000. Msaidizi 40,000. Usafiri wa kulipeleka na kulifunga 20,000. Jumla ya matumizi ni 495,000, imebaki 105,000. Kazi imechukua siku tatu, na kabla ya geti jingine kuja zimepita siku mbili za kukaa. Basi ile 105,000 igawe kwa siku tano: 21,000 kwa siku. Humo kuna kodi ya karakana, na grinda ikiungua nayo inatoka humo humo. Si pesa mbaya, si utajiri. Wanafunzi watauliza wenyewe: je, ukikosea kipimo ukarudia kukata vyuma? Wataona kwamba kosa moja la kipimo linakula faida yote. Watauliza pia kwa nini asipandishe bei, na hapo ndipo fundi atawaeleza kuhusu mteja anayekimbilia wa bei rahisi, kuhusu jina, kuhusu risiti, kuhusu kampuni zinazotaka fundi mwenye cheti. Somo hilo la biashara huwezi kulipata kwenye hotuba yoyote.

Kuhusu likizo ya Juni na gereji, hapa nasema hapana, angalau si kwa namna uliyoieleza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Aliyefikisha 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya yake wala masomo yake. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuajiriwa mgodini, kiwandani wala mahali pengine penye mazingira hatarishi. Utasema hawaajiriwi, wanajifunza. Najua gereji zetu. Siku ya kwanza anatazama, siku ya pili anaosha vipuri kwa petroli bila glavu, siku ya tatu yuko chini ya gari lililoegeshwa kwenye jeki moja bila stendi. Akiumia, swali la kwanza ni nani alimpeleka, na jina ni lako. Juu ya hayo, kijana anayeletwa gereji wiki tatu bila mpango hujifunza kufagia na kutumwa chai.

Kinachofaa ni ziara fupi, nusu siku, kundi dogo, mwalimu akiwepo, barua za ruhusa za wazazi zikiwa mkononi na mkuu wa shule akijua. Mahali pazuri ni chuo cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kilicho karibu, kwa sababu pale kuna karakana zenye mpangilio na walimu waliozoea vijana. Kama mko mkoa wenye mtaa wa SIDO, shirika la viwanda vidogo, nako nendeni, mtakuta wabunifu wa mashine ndogondogo za kukoboa na kukamua. Ukienda popote, weka sharti moja lisilo na mjadala: hakuna kutazama moto wa kuchomelea kwa macho matupu. Mwanga ule una mionzi inayounguza ngozi ya juu ya jicho. Mtoto hasikii kitu pale pale. Saa kadhaa baadaye, usiku, macho yanawaka kama yamemwagiwa mchanga. Mara nyingi hupoa ndani ya siku moja au mbili, lakini aende kituo cha afya, asiwekewe vipande vya viazi wala maziwa ya mtu.

Nimegusa maziwa, acha niimalizie. Kuna imani mafundi tunarithishana kwamba glasi ya maziwa husafisha moshi wa kuchomelea kifuani. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi uko kwenye mapafu, hawakutani. Anayechomelea bomba lililopakwa zinki ndani ya chumba kilichofungwa anaweza kushikwa na homa na baridi usiku ule ule, akadhani ni malaria. Kinachosaidia ni kufanyia kazi penye hewa, kukwangua zinki kwanza, na barakoa inayofaa. Waambie wanafunzi haya bila kuwaficha. Ukiwaficha hatari, watazisikia kwa mtu mwingine na hawatakuamini tena.

Wasichana. Nimeona mara nyingi shule ikiwapanga wao kwenye ushonaji na upishi, wavulana umeme na magari, kisha ripoti inasema wasichana hawapendi umeme. Nawaomba radhi washonaji, kazi yao ni ngumu na ina hesabu zake, ila mtu achague baada ya kuonja. Kwenye lile zoezi la dawati, hakikisha msumeno unashikwa na msichana mapema, kabla wavulana hawajaumiliki. Darasani kwangu wasichana wachache niliowapata walikuwa wavumilivu zaidi kwenye kukereza, kazi isiyotaka papara, na sioni sababu yoyote ya mwili inayowazuia kutandaza umeme, kutengeneza viyoyozi au kupima hitilafu za magari ya kisasa. Vikwazo vya kweli viko kwingine: chuo kina bweni la wasichana? Kuna choo chao karakanani? Mafunzo kazini wanapangiwa wapi, na nani anafuatilia? Kuna wasimamizi wanaomsumbua msichana, na kuna mabinti wazuri wa kazi walioacha kwa sababu hiyo tu. Kwa hiyo wanapoomba chuo, waombe wawili wawili kama inawezekana, na umwambie kila mmoja jina la mtu wa kumpigia simu mambo yakiharibika. Mzazi wa binti atakuuliza hayo kabla ya kuuliza ada. Uwe na majibu.

Njia zenyewe wanafunzi wengi hawazijui, na walimu wengi pia. Mfumo wa VETA, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1994, una ngazi tatu za ufundi stadi, ya kwanza hadi ya tatu. Mwenye cheti cha kidato cha nne akifika ngazi ya tatu anaweza kuomba kuendelea juu, astashahada na stashahada, kutoka fundi mchundo hadi fundi sanifu. Ndiyo maana nasisitiza: usimruhusu mtu yeyote amwambie mtoto aache shule kidato cha tatu akimbilie ufundi. Kile cheti cha kidato cha nne, hata chenye alama za kawaida, ni ngazi atakayoihitaji miaka mitano mbele. Wenye ufaulu mzuri wa sayansi wanaweza kuomba moja kwa moja vyuo vya ufundi kama DIT pale Dar es Salaam au Chuo cha Ufundi Arusha. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi navyo vipo wilayani na huwa vimesahaulika. Na kwa kaka zao ambao tayari wako mtaani bila cheti, VETA ina utaratibu wa urasimishaji ujuzi: fundi anapimwa kwa kazi anayoijua, akithibitika anapewa cheti. Hilo waambie wazazi, wengine litawafaa wao wenyewe.

Ada ya vyuo vya serikali si kubwa, lakini ulizia ofisini kwao kiasi cha mwaka huu, na ujumlishe sare, viatu vya usalama, overoli na vifaa, maana hapo ndipo familia hukwama mwezi wa pili. Kuhusu vyuo binafsi, vipo vizuri na vipo vya ubao wa matangazo tu. Kabla mzazi hajatoa hata shilingi, aangalie kama chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, na kozi yenyewe imo, kisha aende akaione karakana. Kama mashine zina vumbi la muda mrefu na mafuta yamekauka, arudi nyumbani.

Utasikia pia habari za mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, ambao sera mpya ya elimu, toleo la 2023, imeuweka sambamba na mkondo wa jumla, na baadhi ya shule zilianza nao kidato cha kwanza mwaka 2024. Ni hatua kubwa. Kwa wanafunzi wako walioko kidato cha tatu mkondo wa jumla haibadilishi mengi, lakini wadogo zao watakabiliwa na uchaguzi huo mapema, na wazazi watakuja kwako kuuliza.

Kikao cha wazazi kifanye baada ya zoezi la dawati, si kabla. Waoneshe dawati. Waoneshe ile hesabu ya geti ikiwa na ubaya wake wote. Waambie wazi kwamba fundi aliyejiajiri hana pensheni inayokatwa yenyewe, kwamba mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, unapokea aliyejiajiri lakini lazima achangie mwenyewe kwa nidhamu, kwamba mgongo na magoti huchoka. Kisha waambie na upande wa pili: ujuzi haumzuii mtu kusoma baadaye. Hutawapata wazazi wote. Mzazi aliyeuza mbuzi ili mwanawe awe mwanasheria ana haki ya kuota, na mtoto mwenye uwezo huo asisukumwe karakanani kwa sababu tu mwaka huu tumeamua ufundi ni mzuri.

Kuna wachache ambao maneno yangu ya mbali hayatawatosha. Mwanafunzi anayetaka umeme apimwe macho hospitali kama anatofautisha rangi, kwa sababu kutoiona tofauti ya nyekundu na kijani huwapata wavulana zaidi, na wengi hawajijui hadi siku wanapoambiwa washike waya wa kijani na njano. Mwenye pumu amwone daktari kabla ya kuchagua useremala, rangi au kuchomelea. Mwenye kifafa vile vile, kwa sababu ya ngazi na mashine zinazozunguka. Zipo fani nyingine zitakazomfaa. Na kama katika wale 38 kuna ambaye ameshaanza kutoroka shule kwenda kubeba zege, huyo hahitaji siku ya ufundi. Kaa naye, nenda kwao, shirikiana na afisa elimu kata na afisa ustawi wa jamii. Mara nyingi utakuta nyumbani hamna chakula, na ufundi ni jina tu alilokupa ili asiaibike.

Amebaki yule wa Fizikia, uliyemrudisha darasani. Sikulaumu, kipindi kilikuwa kinaendelea. Lakini mtafute wiki hii, nje ya ofisi, umuulize alikuwa anamuuliza fundi nini pale getini. Kama ni kuhusu transfoma ya mashine ya kuchomelea, jinsi volti inavyoshushwa na ampea zikapanda hadi chuma kikayeyuka, basi mada hiyo unayo kwenye muhtasari wako. Mwombe aandae maswali ya kumuuliza fundi siku ya dawati, na ndiye aende kumpelekea mwaliko wa pili.